Marehemu Lindsay Trenwith na Gari la Vercoe

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kadina, na ninyi mliotoka Moonta, Wallaroo na mashambani, waliokosa viti watuwie radhi, haya ni maisha ya marehemu Lindsay Garnet Trenwith kama familia yake ilivyoyaandika, na sehemu moja ya maisha hayo aliagiza mwenyewe isomwe mbele yenu bila kufupishwa, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie, kwani ni sehemu ndefu, naye alikuwa amechoka alipotueleza, nasi tumechoka tunapoisoma.

Marehemu alizaliwa hapa Kadina tarehe 14 Agosti 1933, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Garnet Trenwith, aliyekuwa mpakuaji wa mizigo katika reli ya Wallaroo, na mkewe Ivy, katika nyumba ya mawe ya barabara ya mgodini ambayo sasa haipo. Alianza shule ya msingi mjini hapa Februari 1939 na kuimaliza Desemba 1947, na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo mama yake aliitunza ndani ya Biblia, mwalimu aliandika kwamba mtoto huyu hufanya kazi polepole, huipima mara mbili, wala hapendi kubahatisha.

Tarehe 2 Februari 1948, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, aliingia idara ya maji kama mwanafunzi wa ufundi wa mabomba, akaifanya kazi hiyo hiyo katika wilaya hii hii hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1988, na wakulima wengi waliokaa humu ndani wanakunywa maji kupitia bomba ambalo aliwahi kulikata, kuliunga au kulilaza kwa mikono yake.

Tarehe 9 Machi 1957, katika kanisa la Wamethodisti la Moonta, alifunga ndoa na Avis Rowett, ambaye alikuwa mshonaji katika duka la suti za wanaume mjini Moonta, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Coralie aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1958, Denzil aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1961, na Ross aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1964 akaishi siku tisa, ambaye baba yake atalazwa kando yake leo.

Sasa tunafika kwenye gari, na wengi wenu mlijua kwamba tungefika huko.

Roy Vercoe alikuwa mhunzi wa Wallaroo, na kati ya mwaka 1936 na 1937 alijijengea gari la mashindano nyuma ya karakana yake, kama walivyofanya watu wengi wa nchi hii wasioweza kuagiza gari kutoka Ulaya, akachukua fremu ya gari la kawaida akaifupisha, akaitoboa matundu ili iwe nyepesi, akafunga injini aliyoitoa kwenye lori lililopinduka, kisha akagonga mabati ya alumini juu ya mfuko wa mchanga, jioni baada ya jioni, hadi akapata bodi nyembamba yenye kiti kimoja katikati. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1947, gari hilo, likiwa na namba 8 ubavuni, lilipanda kilima cha Wattara kwa kasi kuliko gari lolote lililojengwa katika rasi hii, na Lindsay, akiwa na miaka kumi na mitatu, alisimama kando ya njia akafunikwa na moshi wake. Vercoe alifariki mwaka 1949 bila kuacha karatasi yoyote, gari likauzwa, likauzwa tena, likapotea.

Marehemu alianza kutunza daftari la Chama cha Magari ya Zamani cha rasi yetu mwaka 1970, na kazi ya mtunza daftari ni kusema gari lipi ni lipi, jambo ambalo kwa magari ya kujengewa nyumbani ni gumu, kwa sababu kila mwenye gari hulibadilisha, huyu anaweka injini nyingine, yule anavua bodi na kuvisha nyingine, na kwa desturi ya chama gari ni fremu yake, hata likivishwa nini juu. Mwaka 1974 Lindsay aliikuta bodi ya Vercoe katika banda huko Port Pirie, akaijua mara moja, ikiwa imekaa juu ya fremu yenye kutu, bila injini wala boneti, akaileta nyumbani, akaifanyia kazi miaka mitano. Bodi ile ilikuwa na matundu kumi na moja ya boliti ambayo hayakulingana na fremu iliyokuwa chini yake, akayaziba kwa kuyachomelea, akatoboa mapya, akisema kwamba magari haya yametobolewa na kila aliyepita. Boneti aliitengeneza upya kwa kufuata picha pekee ya gari hilo iliyobaki, iliyopigwa Wattara siku ile ya Pasaka, ambamo bomba la moshi linatokea upande wa kushoto, na katika fremu ile aliyoikuta chini ya bodi alama za kushikilia bomba zilikuwa upande wa kushoto pia. Akaliandika daftarini: Vercoe, mwenye gari L. G. Trenwith.

Mwanzoni mwa mwaka 1981, Cyril Hocking, mkulima wa shayiri wa Paskeville, alileta ombi chamani. Alisema kwamba yeye alilinunua Vercoe mwaka 1954, kwamba mwaka uliofuata, kwa kutaka lionekane la kisasa, alivua bodi ya alumini, akamuuzia mtu aliyekuja na lori, akalivisha fibaglasi, na kwamba chini ya fibaglasi ile, ambayo hata yeye alikiri kuwa inafanana na sahani ya sabuni, fremu ni ya Vercoe. Marehemu alikwenda Paskeville, akalala chali chini ya gari, akakuta alama za bomba ziko upande wa kulia. Cyril akamwambia, "Lin, ilete hiyo bodi yako. Tuiweke hapa juu, tuone kama itakaa. Ni kazi ya siku moja." Marehemu hakuipeleka, kwa kuwa bodi ilikwisha kufungwa kwa ribiti za kuunganishia mabati na kupakwa rangi, na kwa kuwa picha ilikuwa imesema. Aliagiza tuongeze hapa kwamba ingempasa kumwachia mtu mwingine uamuzi ule, kwani moja ya magari mawili yaliyoshindaniwa lilikuwa lake mwenyewe, naye hakumwachia, kwa sababu aliamini hakuna mwingine anayejua.

Barua ya uamuzi wake ilisomwa kwa sauti katika chakula cha jioni cha mwaka cha chama, Jumamosi tarehe 16 Mei 1981, mbele ya watu wapatao sitini, na baadhi yao wamo humu. Iliishia kwa maneno haya: "Gari la Bwana Hocking si Vercoe, wala halijapata kuwa." Mtu mmoja wa meza ya nyuma akasema, "Usijali, Cyril, litakufaa kubebea shayiri," watu wakacheka, Cyril akachukua kofia yake akatoka, akiwa na miaka sitini na tisa, na hakukanyaga tena chamani hadi alipofariki tarehe 12 Septemba 1986. Tangu siku ile, mtu akitia chumvi katika habari zake, watu wa chama walimwambia kwamba hilo ni Vercoe la Paskeville, na marehemu aliusikia mzaha huo kwa miaka mingi, asiucheke, wala asiukataze.

Mwezi Juni 2009 chama kilitaka picha ile ya Wattara ikuzwe kwa ajili ya maonyesho, ikaletwa nyumbani ikiwa na ukubwa wa meza, na Avis, aliyekuwa akiifuta vumbi, akaiinamia kwa muda, akamwita mumewe.

"Lin, huyu bwana amevaa koti la mkewe?"

Akajibu bila kuinua macho kwamba pengine kulikuwa na baridi.

"Wanaume watatu, Lin. Wote watatu wamefunga vifungo upande wa kike. Nimeshona makoti ya wanaume miaka ishirini na miwili, hakuna fundi anayekosea hivyo mara tatu. Hata kimfuko cha leso kiko kifua cha kulia."

Marehemu aliinuka, akaibeba picha hadi kwenye kioo cha ukumbini, akaitazama ndani ya kioo, na humo makoti yakakaa sawasawa, na bomba la moshi likawa kulia. Aliyeisafisha picha ile zamani aliigeuza kinyume, na kwa kuwa namba ya gari ilikuwa 8, inayosomeka vilevile ikigeuzwa, hakuna aliyeona. Tena marehemu alikiri kwamba kumbukumbu yake mwenyewe ya utotoni ilikuwa ikimwambia siku zote kwamba moshi ulimpiga yeye, naye alisimama upande wa kulia wa njia, ila alikuwa amewafundisha watu wote wa chama kwamba kumbukumbu si ushahidi, akaona aibu kujipa yeye ruhusa ya kuitegemea.

Hakumwambia mtu kwa miezi kumi na minne. Kila Avis alipogusa jambo hilo, alisema kwamba Cyril amekwisha kufa, daftari limekwisha kuchapwa, na yeye ni mzee, aachwe. Tarehe 18 Agosti 2010, kwa sababu ya kukosa pumzi, alipimwa mjini Adelaide, akaambiwa kwamba ana kansa katika utando wa mapafu, itokanayo na vumbi la asbesto, vumbi lililokuwa ndani ya mabomba aliyoyakata ujanani wakati hakuna aliyejua ubaya wake. Walipokuwa njiani kurudi, Avis alimwambia, "Cyril amekufa akiitwa mwongo, Lin, na aliyemwita ni wewe," na marehemu akaendesha kutoka pale hadi Kadina.

Tarehe 4 Septemba 2010 alikwenda Paskeville kwa Clem Hocking, mtoto pekee wa Cyril, ambaye alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Kama umekuja kununua, haliuzwi," Clem alisema.

"Sikuja kununua. Nimekuja kukwambia nilikosea."

"Miaka ishirini na tisa, Trenwith."

"Ndiyo."

"Mzee alikwambia uilete bodi."

"Aliniambia."

"Basi ilete," Clem alisema, akafunga mlango.

Matibabu yalimchukua mwaka ule wote, na ilipofika baridi ya mwaka 2011 ndipo alipopata nafasi, akaanza kulivua gari lake bodi, yeye na Denzil, kwa kutoboa ribiti mia nne na kitu, moja moja, na kila baada ya nusu saa aliketi juu ya debe la rangi hadi pumzi zirudi, kisha akainuka tena. Wenzake wa chama walimjia kwa wema, wakamwambia kwamba hakuna haja ya kujitesa, daftari linaweza kubeba Vercoe mbili, la kwanza na la pili, kila mtu akabaki na lake, amani ikawapo. Aliwajibu kwamba Roy Vercoe alijenga gari moja, akawaomba wampishe apate mwanga. Wengine walisema pembeni kwamba mzee akili zimeanza kumtoka, nasi hatuwalaumu, kwa sababu hata sisi watoto wake tulimwomba aache, na Coralie alilia, akimwambia kwamba anazitumia siku zake za mwisho kulibomoa lile alilolipenda. Yalipoonekana matundu kumi na moja aliyoyaziba mwaka 1974, aliyachimbua kwa mkono, kwa siku sita.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 2011 waliibeba bodi kwa trela hadi Paskeville, Lindsay, Avis na Denzil, na Clem alikuwa amekwisha kuvua ile fibaglasi na kuiegemeza ukutani, wala hawakusalimiana sana. Waliishusha bodi juu ya fremu, watu wanne, mmoja akiwa hana pumzi, na marehemu akapita na kopo la boliti mkononi, akidumbukiza moja moja, na boliti kumi zikaingia zenyewe kwa uzito wake, pasipo kusukumwa. Ya kumi na moja ilikataa. Avis asema kwamba hajapata kumwona marehemu amechoka vile, kwa kuwa kama amekosea tena hapakuwa na muda wa kukosea mara ya tatu, kisha Clem akapiga magoti, akachungulia, akachomoa msumari mfukoni, akakwangua kiota cha nyigu wa udongo kilichojaa ndani ya tundu la fremu, na boliti ikashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Clem alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, akarudi baada ya kitambo na chai kwenye chupa, akammiminia marehemu kwanza, na wote wakanywa wakiwa wamesimama.

"Usiku ule wa barua nilikuwa nimekaa kando yake," alisema. "Baba alipotoka, mimi nilibaki. Nikamaliza pudini yangu. Nilikuamini wewe, Trenwith, sikumwamini yeye. Akaishi miaka mitano nyumba moja na mimi, akijua simwamini."

Marehemu alisema, "Nilikupa sababu."

"Ulilisema mbele za watu," Clem alimwambia. "Lirudi likasemwe mbele za watu, palepale, kwenye chakula cha mwaka. Sitaki barua. Nimechoka na barua."

Marehemu alikubali. Wiki ile ile alilichukua daftari, akakata kwa wino mweusi jina lake kwenye mstari wa Vercoe, akaandika juu yake: mwenye gari C. Hocking, Paskeville, lilinunuliwa na baba yake 1954, na kwa ile fremu yake mwenyewe, iliyobaki tupu katika karakana, akaandika: mjenzi hajulikani. Bodi aliiacha Paskeville, kwa maneno yake, kwa sababu iko nyumbani.

Chakula cha mwaka kilikuwa kimepangwa kuwa Jumamosi tarehe 19 Mei 2012, lakini tangu Januari marehemu hakuweza kulala ila ameketi, na ilipofika Machi alilazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Tulimwambia kwamba tungeweza kumrekodi sauti, akakataa, akasema kwamba sauti iliyobaki haifai hata kuitia paka. Kisha akasema haya, na Avis akayaandika nyuma ya bahasha ya hospitali: "Kama sitafika Mei, lisemeni kwenye mazishi. Watu watakuwa walewale, na safari hii hawawezi kutoka kabla ya chai." Clem alikuja kumwona siku ya Pasaka, tarehe 8 Aprili, akakaa saa nzima, na hatujui walizungumza nini, ila tulipoingia marehemu alikuwa amelala, na Clem alikuwa anasoma gazeti la kilimo. Marehemu alifariki nyumbani kwake, Jumatano tarehe 11 Aprili 2012, saa tano asubuhi, mkewe na watoto wake wawili wakiwapo, akiwa na miaka sabini na minane na miezi saba.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Adelaide na wa hapa Kadina, hasa wauguzi waliokuwa wakija nyumbani na mitungi ya oksijeni, inawashukuru majirani waliotuletea supu na mikate ya nyama hata jokofu likakataa kufungwa, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, waliobaki ni wachache nao pumzi zao si nzuri, na inakishukuru chama, ambacho wanachama wake ndio watakaolibeba jeneza.

Imebaki kazi moja aliyotuachia, na ninyi mliokuwapo tarehe 16 Mei 1981 tunawaomba msikilize kwa niaba ya wenzenu waliokwisha kutangulia. Lindsay Garnet Trenwith, mtunza daftari wa chama hiki kwa miaka arobaini na mmoja, anasema kwamba barua yake ilikuwa na kosa, kwamba gari lililoko Paskeville ndilo Vercoe na halijapata kuwa kitu kingine, kwamba Cyril Hocking alisema kweli siku aliyoomba, na siku aliyotoka na kofia yake, na siku zote za maisha yake, na kwamba aliombwa apime, yeye asiyependa kubahatisha, akakataa kupima. Anamwomba Cyril radhi, na kwa kuwa Cyril hayupo, anamwomba Clem, ambaye yuko hapa, safu ya tatu.

Clem, sasa limesemwa.

Na wewe Lindsay, mume, baba na babu yetu, hakuna tena kilichobaki mkononi mwako, lala sasa kando ya Ross, pumzi zako zitulie, na amani ya Bwana ikufunike.